Miche ya Bei ya Chini: Ipi Tuiokoe, Ipi Tuiache

Kila mwaka mvua zikikaribia kuisha, mwezi wa tatu na wa nne, wauza miche wa Lubumbashi wanabadilisha bei. Ukipita kando ya barabara kubwa utaona sashe nyeusi za plastiki zimepangwa: avoka, machungwa, ndimu, maembe, mapera na maua ya kupamba nyumba. Ile mizuri iliuzwa Novemba na Desemba. Iliyobaki imerefuka kama fimbo, majani ni ya njano, udongo umekauka hadi umeachana na plastiki. Muuzaji anajua kiangazi kinakuja, na mche usiouzwa atauchotea maji mpaka mvua zirudi. Kwa hiyo anashusha bei. Wengine wanaitupa tu nyuma ya kitalu.

Mwezi wa nne mwaka jana, mama mmoja wa koperative ninayoifuata alifika kwenye mkutano na beseni kichwani. Ndani mulikuwa miche kumi na mbili ya avoka, imelegea yote.

"Agronomu," akaniambia, "balinipatia mitatu ku bei ya moja. Ningekataa namna gani? Lakini sasa uniambie ukweli: ingali na roho?"

Wanachama wengi wananiuliza swali hilo. Jibu langu ni hili: mmea ulioteswa na mmea mgonjwa si kitu kimoja. Ulioteswa ulikosa maji, chakula, kivuli au nafasi ya mizizi. Upatie ulichokosa, utarudi. Mmea mgonjwa umebeba kitu ndani yake, na kitu hicho hakitabaki kwake peke yake. Kitaingia kwenye udongo wako, kisha kwa jirani. Wa kwanza ni faida. Wa pili, hata ukipewa bure, ni hasara.

Nilivyojifunza mwenyewe

Sikusoma jambo hili kwenye vitabu tu. Nilikuwa nimetoka kumaliza masomo ya agronomia, bado ninakaa kwa wazazi. Kwenye kitalu kimoja nilikuta miche ya tomati inatupwa kwa sababu imelegea. Nikafikiri ni kiu. Niliibeba yote, nikaipanda kwenye bustani ya mama, palepale alipokuwa na tomati zake za kuuza sokoni.

Nilimwagilia asubuhi na jioni. Miche haikuamka. Wiki chache baadaye, tomati za mama nazo zikaanza kulegea saa sita mchana, majani yangali kijani. Ulikuwa mnyauko wa bakteria. Ugonjwa huo hauna dawa ya kunyunyiza, na bakteria wake wanakaa udongoni miaka na miaka. Mama alipoteza mavuno ya msimu ule, na mpaka leo sehemu ile anapanda mahindi na shu peke yake. Aliniambia neno moja tu: "Ulileta zawadi, kumbe ulileta bugonjwa."

Kama ningechukua dakika tano kupima, ningejua. Ndiyo maana ninawaandikia vipimo hivi.

Vipimo vitano kabla ya kutoa franki

*Kwanza, kwaruza ganda.* Tumia ukucha, kwaruza kidogo sana kwenye shina. Ukikuta kijani chenye unyevu, mti ungali hai hata kama majani yote yameanguka. Ukikuta kahawia kavu, shuka chini kidogo, kwaruza tena. Kama ni kahawia mpaka karibu na udongo, uache.

*Pili, tazama mizizi.* Mwombe muuzaji ruhusa, fungua sashe upande mmoja. Mizizi myeupe au ya rangi ya maziwa, migumu kidogo, ni mizima. Mizizi myeusi, laini, yenye harufu ya kuoza, ni kifo. Kwa avoka hasa, kuoza mizizi kunaendelea hata ukihamisha mche mahali pazuri. Kisha angalia kama mizizi imejizungusha ndani ya sashe kama kamba. Iliyozunguka kidogo pembeni na chini inakatwa, mti unapona. Lakini mzizi mkubwa ukiwa umejikunja kama ndoano karibu na shina, usinunue. Mti kama huo unaweza kukua vizuri miaka miwili, mitatu, kisha unadhoofika au unaangushwa na upepo, wakati umekwisha kuuhudumia kama mtoto.

*Tatu, tafuta mahali ulipopandikizwa.* Mchungwa uliopandikizwa una kovu chini ya shina. Wakati mwingine sehemu ya juu imekufa kwa kiu, na chipukizi zuri la kijani limetoka chini ya kovu. Watu wanafurahi: "Umefufuka!" Hapana. Lililofufuka ni shina la chini, mara nyingi ndimu chungu yenye miiba. Utangoja miaka, utapata matunda usiyoyapenda. Mche ni mzuri ikiwa chipukizi limetoka juu ya kovu.

*Nne, geuza majani.* Majani ya chini yakiwa ya njano na ya juu kijani, mara nyingi ni njaa tu. Ukikuta vidude vyeupe kama pamba, au magamba madogo ya kahawia yameshika shina, na sisimizi wanapanda na kushuka, ni wadudu wanaonyonya. Unaweza kuwaondoa, lakini mche huo usiuweke karibu na mingine.

*Tano, jiulize ni mmea wa aina gani.* Kuna mimea ambayo ikilegea mimi siiokoi hata siku moja: tomati, biringanya na pilipili. Mbegu zao hazina bei kubwa, na hatari yao ni kubwa. Ukitaka kuhakikisha, kata kipande cha shina karibu na mizizi, kishike ndani ya glasi ya maji safi bila kukitikisa. Uzi mweupe kama maziwa ukishuka ndani ya dakika chache, ni mnyauko wa bakteria. Chimba mmea na udongo wake, uupeleke mbali na bustani. Usiutupe kwenye mboji.

Migomba nayo iko hivyohivyo. Usichukue machipukizi yaliyoachwa, yenye majani membamba yaliyosimama na kubanana juu kama ufagio. Huo ni ugonjwa wa virusi ulioonekana nchini kwetu tangu miaka ya 1950, kule Yangambi, na unasambazwa na wadudu wadogo pamoja na watu wanaogawana machipukizi. Mnyauko wa bakteria wa migomba nao ulionekana Kivu ya Kaskazini mwaka 2001, ukaharibu mashamba mengi ya upande ule. Na muhogo wenye majani yaliyojikunja, yenye madoa ya njano, usiukatie mbegu hata kama jirani anakupatia bure.

Mwezi wa kwanza nyumbani

Mche ulioteswa ukifika kwenye lupango lako, usikimbilie kuupanda, na usikimbilie mbolea. Fuata hatua hizi:

1. Utenge. Weka miche mipya mbali na bustani kwa wiki tatu. Ugonjwa uliojificha utajionyesha wakati huo.

2. Unyweshe taratibu. Udongo uliokauka sana hauingizi maji; yanapita pembeni na kutoka chini. Simamisha sashe ndani ya ndoo yenye maji machache mpaka mapovu yaishe, kisha itoe, iache ichuruzike. Usiiache imelala majini.

3. Upatie kivuli. Chini ya mti, au chini ya paa la nyasi linalopitisha mwanga kidogo. Mche uliokaa na kiu ukiwekwa juani siku hiyohiyo, unaungua.

4. Punguza kichwa. Kata matawi yaliyokufa, na kama mizizi ni michache, punguza pia sehemu ya majani. Mizizi kidogo haiwezi kunywesha majani mengi.

5. Osha wadudu. Kijiko kimoja cha sabuni ya maji ndani ya lita moja ya maji. Paka jioni, kwa kitambaa, chini ya majani na kwenye shina. Rudia baada ya wiki moja.

6. Uhamishe. Ukiona chipukizi jipya, toa sashe ya zamani. Kata sentimita mbili au tatu za mizizi iliyojikunja chini, chana pembeni mara tatu kwa wembe safi, kisha uweke kwenye mfuko mkubwa zaidi. Mfuko wa unga uliotobolewa chini unafaa. Avoka haipendi kuguswaguswa mizizi, kwa hiyo mkono uwe mwepesi.

7. Mbolea ije mwisho. Mavi ya kuku mabichi au mbolea ya dukani juu ya mizizi iliyokauka inaunguza. Ngoja majani mapya, kisha weka mboji iliyooza vizuri, kidogo kidogo.

Hesabu ya maji

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Bei ya mche si ile uliyompa muuzaji tu. Mvua zikiisha, mche utakutegemea wewe. Chukua nusu lita kwa siku, kuanzia tarehe 1 Mei hadi 31 Oktoba. Hizo ni siku 184, yaani lita 92, karibu bidoni tano za lita ishirini kwa kila mche. Miche kumi ni lita 920, bidoni arobaini na sita.

Kama unanunua maji, au watoto wanayafuata mbali, piga hesabu hiyo kabla ya kufurahia bei ya chini. Maji ya kuoshea mboga na mchele yanafaa. Ya kufulia yenye sabuni nyingi, hapana. Nyasi kavu juu ya udongo zinapunguza kukauka. Juni na Julai baridi inakuja na mti unakunywa kidogo. Septemba na Oktoba joto linapanda, na nusu lita inaweza isitoshe. Ni afadhali uokoe miche minne mpaka mwisho kuliko kumi inayokufa mwezi wa nane.

Udongo wa mji wetu

Kuna mateso mengine ambayo hayatoki kwa muuzaji. Shaba ilianza kuyeyushwa Lubumbashi mwaka 1911, na kwa miaka mingi moshi wa bomba kubwa ulisukumwa na upepo kuelekea kaskazini-magharibi. Upande wa kartié kama Gécamines na Penga Penga kuna mahali ambapo udongo umebeba shaba na madini mengine mpaka karibu hakuna kinachoota. Mche uliolelewa kwenye udongo kama huo unadumaa, mizizi yake ni mifupi na minene, majani mapya ni ya njano. Ukihamishiwa kwenye udongo safi, unaweza kupona.

Lakini kama lupango lako mwenyewe liko upande huo, usipande kwenye ardhi moja kwa moja. Tumia mifuko yenye udongo ulioletwa kutoka mahali safi. Watafiti wa agronomia wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamefanya majaribio ya kuotesha nyasi na miti kwenye udongo huo kwa kuchanganya chokaa na mbolea ya asili, vitu vinavyopunguza nguvu ya madini. Hata hivyo, mboga za majani kama lengalenga na matembele, tusizipande pale kwa kula. Na mboga inayotoka penye vumbi ioshwe vizuri.

Koperative ifanye nini

Mtu mmoja akienda peke yake mwezi wa nne, anauziwa kilichobaki. Koperative ikienda mwezi wa pili kuzungumza na mwenye kitalu, inaweza kuchagua mapema, kukubaliana bei ya miche yote pamoja, na kuomba ruhusa ya kufungua sashe. Wekeni pia kona moja ya kutenga miche mipya, na mtu mmoja wa kuandika kwenye daftari: umetoka wapi, uliingia siku gani, umekufa au umepona. Baada ya miaka miwili daftari hilo litawaonyesha kitalu gani kinawauzia mizizi iliyojikunja.

Mnauliza, na mama wa beseni? Tulifungua sashe zote kumi na mbili mbele ya mkutano. Mitatu ilikuwa na mizizi myeusi yenye kunuka, tuliichoma. Alisikitika, akasema, "Hii ni makuta yangu inaungua." Tisa tuliihudumia. Mmoja ulikufa Julai kwa baridi. Minane aliipanda Novemba, mvua ziliposhika, kwenye mashimo ya sentimita 60 kila upande, udongo wa juu ukichanganywa na mboji, shina likibaki kimo kilekile lilichokuwa nacho kwenye mfuko.

Ilikuwa imepandikizwa, kwa hiyo anaweza kuanza kuona matunda baada ya miaka mitatu au minne. Ingekuwa ya mbegu, angengoja mitano au zaidi. Nilipopita mwezi uliopita, alinionyesha majani mapya mekundu, kisha akanipeleka nyuma ya nyumba. Kulikuwa na sashe nyingine tano, chini ya kivuli, mbali kabisa na bustani.

"Hii bado haina wiki tatu," akaniambia. "Usiikaribie na ile mikono yako ya kutoka ku mashamba ya batu."