Dawa za Maumivu kwa Mwenye Ugonjwa wa Moyo

Wagonjwa wengi wa moyo huzingatia saa ya kumeza dawa na tarehe ya kurudi kliniki. Hata hivyo, goti au mgongo unapouma, wapo wanaoingia duka la dawa la jirani, wakanunua vidonge vichache vya diklofenaki na kuvimeza bila kumwuliza mtaalamu. Kwa moyo ulio dhaifu, hilo si jambo dogo.

Diklofenaki, ibuprofeni, indometasini na meloksikamu ni dawa za kundi moja. Hutuliza maumivu kwa kuzuia kemikali za mwili zinazoleta uvimbe. Kemikali hizo hizo huzisaidia figo kutoa chumvi na maji. Zikizuiwa, chumvi na maji hubaki mwilini, shinikizo la damu hupanda, na moyo huongezewa mzigo. Aidha, dawa hizi hupunguza nguvu ya baadhi ya dawa za shinikizo la damu na za kupunguza maji mwilini. Mgonjwa huvimba miguu akadhani dawa za hospitali zimeshindwa, kumbe zimepingwa na kidonge alichojinunulia.

Utafiti unasema nini?

Mwaka 2004, dawa ya rofekoksibu, iliyouzwa kwa jina la Vioxx, iliondolewa sokoni duniani kote. Jaribio lililohusu vivimbe vya utumbo lilionyesha kuwa walioitumia walipata matatizo kama mshtuko wa moyo na kiharusi takriban mara mbili ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Mwaka 2013, Wakala wa Dawa wa Ulaya ulielekeza kwamba diklofenaki isitumiwe na watu wenye moyo ulioshindwa kufanya kazi ipasavyo, wenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, wala waliowahi kupata kiharusi. Mwaka 2015, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitahadharisha kuwa hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi inaweza kuanza ndani ya wiki za mwanzo za matumizi, na huongezeka kadiri kipimo kinavyoongezeka.

Mtumiaji afanye nini?

1. Kabla ya kutaja dawa unayoitaka, mweleze mtoa dawa: “Ninatumia dawa za moyo.” Mwonyeshe dawa hizo au kadi yako ya kliniki.

2. Soma jina la kiambato, si jina la biashara pekee. Baadhi ya vidonge vya mchanganyiko vina diklofenaki pamoja na parasetamoli.

3. Usidhani kuwa sindano ni salama zaidi. Diklofenaki ya sindano ni dawa ile ile.

4. Uliza kuhusu parasetamoli, ambayo mara nyingi ndiyo chaguo la kwanza. Mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24, na mwenye ugonjwa wa ini apate ushauri kwanza. Epuka ile inayoyeyushwa kwenye maji ikatoa povu, kwa kuwa ina sodiamu nyingi.

5. Ikiwa daktari amekuandikia aspirini ya kipimo kidogo, usiiache kwa uamuzi wako. Ibuprofeni inaweza kuizuia isifanye kazi yake.

Nenda kituo cha afya mapema iwapo miguu inavimba, uzito unaongezeka kwa zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, au unakosa pumzi ulalapo. Maumivu ya kifua yanayobana, au udhaifu wa ghafla wa upande mmoja wa mwili, ni dharura, usisubiri kupambazuke.

Mwongozo huu haumtaki mgonjwa wa moyo avumilie maumivu. Maumivu yanastahili kutibiwa, na dawa zinazofaa zipo. Kinachotakiwa ni kwamba anayekuuzia dawa ajue, kabla hajafungua kopo, kuwa unaishi na ugonjwa wa moyo.