Uhai wa Muda Mrefu Baada ya Shambulio la Moyo: Mwanzo wa Kuhesabu katika Mazingira ya Madaba

Tafiti nyingi za uhai wa wagonjwa wa shambulio la moyo huanza kuhesabu siku mgonjwa anapopokelewa hospitalini. Madaba, kando ya barabara kuu ya Makambako–Songea, siku hiyo yaweza kuwa mbali sana na siku ya shambulio lenyewe. Mkulima aliyebanwa na kifua hudhani ni vidonda vya tumbo, hununua dawa dukani, huenda zahanati, na ndipo hupewa rufaa ya Songea. Anayefia njiani hayumo katika hesabu.

Uzito wa jambo hili huonekana katika takwimu za Moshi. Katika utafiti uliofanyika Hospitali ya KCMC mwaka 2019, wagonjwa 152 kati ya 681 waliofika idara ya dharura wakiwa na maumivu ya kifua au upungufu wa pumzi walibainika kuwa na shambulio la moyo. Kwa wastani, walikuwa wameugua siku 6.6 kabla ya kufika. Yaani, wengi walikwisha kuvuka saa za hatari kubwa zaidi. Hata hivyo, takribani asilimia 43 walifariki dunia ndani ya siku 30, na takribani asilimia 60 ndani ya mwaka. Asilimia 23 tu walipewa aspirini idarani, ilhali dawa hiyo ni ya bei nafuu.

Ukosefu wa vifaa vya kisasa hautoshi kueleza vifo hivyo. Dawa za kuyeyusha damu iliyoganda hufaa hasa ndani ya saa 12 za mwanzo. Kwa aliyechelewa wiki nzima, hata Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, haiwezi kufufua msuli uliokwisha kufa. Hubaki kovu, na moyo wenye kovu huelekea kushindwa kusukuma damu au kupoteza mapigo yake. Hapo uhai hutegemea vidonge vya kila siku, navyo vyapaswa kupatikana Madaba kwenyewe.

Hivyo basi, utafiti wa Madaba ungepaswa kuanzia vijijini, kwa mahojiano na ndugu wa marehemu kuhusu dalili zilizotangulia kifo. Mbinu hiyo si ngeni nchini: mradi wa AMMP uliitumia Hai, Morogoro Vijijini na Dar es Salaam katika miaka ya 1990. Udhaifu wake ni kwamba kifo cha ghafla cha moyo si rahisi kukitenganisha na kiharusi kwa masimulizi pekee.