Sungura wa Lund na Wagonjwa wa Kitshanga

Sungura wale hawakuwa wamekufa, ila ungeweza kuapa kwamba wamekufa. Walikuwa wamejikunyata katika maabara ya Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, kope nzito, masikio yameanguka, ukiwagusa hawashtuki. Mwaka ulikuwa 1957. Arvid Carlsson, mtaalamu wa dawa, alikuwa amewapa reserpini, dawa iliyotumika siku hizo kushusha presha na kutuliza wenye wazimu. Kisha akawadunga kitu kingine, L-dopa. Zilipita dakika kama 15, masikio yakasimama, na sungura wakaanza kwenda huku na huku.

Ili kuelewa alichokiona, msomaji wa Kitshanga, mji wa Masisi katika Kivu Kaskazini, hahitaji kwenda mbali. Atazame barabara ya kushuka Sake hadi Goma, na chukudu, zile baiskeli za mbao, zinazosukumwa zikiwa na magunia ya viazi na makaa. Seli za ubongo kwa kawaida hazigusani. Kati ya moja na nyingine kuna upenyo mwembamba mno, na habari huvuka hapo kwa kubebwa na kemikali. Seli ya kwanza ina ghala, inatoa mzigo, mzigo unavuka, unapokelewa ng'ambo. Reserpini hutoboa ghala. Mzigo unavuja na kuharibika kabla haujasafiri, basi chukudu ziko barabarani lakini ni tupu. L-dopa ni malighafi ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini. Carlsson alipoileta, ghala likapata kitu cha kutuma. Wakati huo wataalamu wengi waliiona dopamini kuwa ni hatua tu ya kutengenezea kemikali nyingine. Sungura walisema vingine: dopamini ni mjumbe mwenye kazi yake. Kwa kazi hiyo Carlsson alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2000.

Reserpini yenyewe haikubuniwa na mzungu yeyote. Ilichujwa kwanza, mwaka 1952, katika mzizi wa mmea wa India unaoitwa Rauvolfia. Ndugu yake wa Afrika, Rauvolfia vomitoria, huota katika misitu ya joto kuanzia Afrika Magharibi hadi Kongo na Uganda, ukanda uleule wa msitu unaoifunika Walikale. Una reserpini pia, na enzi za Zaire mizizi yake ilivunwa na kusafirishwa kwenda kwenye viwanda vya dawa vya ng'ambo. Mwaka 1960 daktari Raymond Prince aliandika jinsi waganga wa Nigeria walivyokuwa wakiutumia kutibu wazimu. Hili lisimfanye mtu achemshe mizizi nyumbani. Dozi yake haipimiki kwa kikombe, na ikizidi hushusha presha vibaya sana. Lakini anayedhani kwamba waganga walikuwa wakibahatisha tu, mti huo unamkatalia.

Dawa iliyofika vituo vya afya vya Kivu ni nyingine: haloperidoli, iliyotengenezwa Ubelgiji mwaka 1958 katika maabara ya Paul Janssen. Ilituliza sauti ambazo mgonjwa peke yake huzisikia, na kwa miaka mitano hakuna aliyejua kwa nini. Mwaka 1963 Carlsson na mwenzake Margit Lindqvist wakatoa jibu. Dawa hii haigusi ghala. Inakwenda kukaa mahali mzigo unapopokelewa, chukudu inafika imejaa na kukuta nafasi imeshachukuliwa. Taabu ni kwamba dopamini huongoza pia mwendo wa mwili. Ndiyo maana mgonjwa aliyetulia akili anaweza kukakamaa shingo, kutetemeka mikono au kudondosha mate. Familia isiyoelezwa mapema ni rahisi kudhani amerogwa upya, ikatupa vidonge.

Hapo ndipo wengi hufanya haraka kusema kwamba ugonjwa wa akili ni kemikali iliyopungua, tuiongeze. Kitshanga si mahali pa kuridhika na jibu hilo. Mji huu ulipokea watu waliokimbia vita vya Masisi, kambi ya Mungote ikajaa. Mapema mwaka 2013 mapigano yalichoma sehemu kubwa ya mji wenyewe, na Januari 2023 waasi wa M23 waliuteka, watu wakafunga mizigo tena. Watafiti waliowahoji watu wazima 998 Kivu na Ituri mwaka 2010 walikuta asilimia 40.9 wana dalili za sonona, na asilimia 50.1 wana dalili za kiwewe: ndoto za kutisha, kushtuka kwa mlio mdogo, kukwepa njia fulani. Nusu ya watu hawawezi kuwa wamezaliwa na ghala bovu.

Hata sayansi yenyewe imerudi nyuma hatua moja. Mwaka 2022 wataalamu waliopitia tafiti nyingi za serotonini, mjumbe mwingine wa ubongo, hawakupata ushahidi thabiti kwamba sonona husababishwa na upungufu wake. Hilo halimaanishi kwamba vidonge havimsaidii mtu yeyote. Panadoli hutuliza kichwa, na hakuna anayesema kichwa huuma kwa kupungukiwa panadoli.

Kwamba yanayompata mtu huijeruhi akili yake, Carlsson alilijua kabla ya sungura. Akiwa mwanafunzi wa udaktari wakati wa Vita Kuu ya Pili, alipima watu waliotolewa kwenye kambi za Wanazi na kuletwa Sweden. Wengi walikuwa na njaa na kifua kikuu, lakini baadaye alisimulia kwamba kilichomshtua zaidi ni hali ya akili zao: hofu, na kutomwamini mtu yeyote.

Kwa majeraha ya namna hiyo, jaribio moja la Kivu lilitumia maneno tu. Wanawake walionusurika ukatili wa kingono walikutana kwa makundi katika vijiji vyao, wakiongozwa na wasaidizi wa hukohuko ambao si madaktari, na kujifunza kuyapima mawazo yanayowatesa, kama lile la kujilaumu. Matokeo yalitolewa mwaka 2013. Miezi sita baada ya vikao, asilimia 9 tu walikuwa bado na dalili za sonona au wasiwasi mkubwa, wakati katika vijiji vilivyopewa msaada wa mtu mmojammoja walikuwa asilimia 42.

Anayesikia sauti bado anahitaji dawa, na hospitali ya akili iliyo karibu ni Tulizo Letu ya Mabruda wa Upendo, iliyoko Goma, mwisho wa barabara ambayo vita vimeifunga mara kwa mara. Orodha ya kwanza ya dawa muhimu ya WHO, ya mwaka 1977, ilikuwa na haloperidoli, na pia sindano ya flufenazini ambayo hufanya kazi mwilini kwa wiki kadhaa. Inamfaa sana mtu anayeweza kulazimika kukimbia usiku bila kubeba vidonge. Ikiisha nguvu, itabidi adungwe nyingine, popote atakapokuwa amefikia.