KUTAZAMA SI KUONA
Miwani inayofuata macho ya mtu

Kesho asubuhi muangalie mama akitayarisha chai. Mkono wake haujafika kwa birika, lakini macho yamekwisha kufika. Nani alipima jambo hilo? Katika mwaka 1999, huko Uingereza, Michael Land na wenzake wawili waliwavalisha watu watatu kamera kichwani, kila mmoja atengeneze chai. Walipochunguza filimu, waliona kama macho yanatangulia mkono kwa karibu nusu ya segonde. Tena, macho yalitazama karibu paka vitu vya kazi. Vitu vingine vya jikoni yaliviacha.

Leo chombo hicho kimekuwa miwani tu. Inafanya kazi namna gani? Kamera moja inakamata yale yaliyo mbele ya mtu. Kamera zingine ndogo zinageukia macho yenyewe, na kuyamulika na mwangaza wa enfraruje, ambao mtu hauoni. Mbele ya kuanza, mwenye kuvaa anatazama alama moja, ili mashini izoee macho yake. Kisha, ndani ya filimu, kiduara kinatembea: pale kilipo, ndipo mtu alitazama.

Wengi wanafikiri kazi imeisha pale. Hapana, ndipo inaanza! Tufanye hesabu. Filimu ya dakika 20, yenye picha 25 kwa kila segonde, ina picha 30.000. Kwa watu 10, ni picha 300.000. Bila mpango, utapotea. Kwa hiyo, jioni ileile, kila filimu inapewa tarehe na namba ya mtu, jina lake halionekani. Kopi ya pili inawekwa mahali pengine. Na ndani ya daftari unaandika yote yaliyoharibika: miwani iliteremka, jua lilikuwa kali. Jua nalo lina enfraruje, ndiyo sababu linavuruga kipimo.

Halafu ni kuchunguza. Mtafiti anachora mipaka: hapa ni birika, hapa kikombe, hapa dirisha. Kisha anahesabu: macho yalifika wapi kwanza, yalikaa segonde ngapi, yalirudia mara ngapi. Ordinatere inasaidia, lakini mtu akitembea, birika inahama ndani ya picha. Mara mingi ni lazima kupita picha kwa picha na kusahihisha.

Mambo haya yanatugusa sisi watu wa mine. Huko Marekani, watafiti wa NIOSH, huduma ya serikali juu ya usalama wa wafanyakazi, walichunguza macho ya watu waliokuwa wakitafuta hatari ndani ya picha za karieri ya mawe.

Sasa tufikiri kijana mmoja anayeshuka ndani ya shimo. Ukuta una ufa. Filimu inaonyesha kiduara juu ya ule ufa. Kapita atasema: "Uliuona, mbona hukutoka?" Lakini mashini inajua tu mahali macho yalielekea, haijui kama akili ilielewa. Nani kati yetu hajasoma ukurasa mzima huku mawazo yako kwingine? Tena, mtu anaweza kusikia kitu kinatembea pembeni ya macho, bila kukielekea.

Basi, filimu peke yake isimhukumu mtu wala kumfukuzisha kazi. Ni kumketisha mwenyewe, kuitazama pamoja naye, na kumuuliza: "Hapa ulifikiri nini?" Na wale wote ambao sura zao zilikamatwa, nao waombwe ruhusa.

Nyumbani pia ni vile. Baba anarudi kutoka kazi, anamtazama mtoto wake kila jioni, na haoni kama mtoto anateseka. Hakuna miwani ya kupima jambo hilo. Leo mezani, kila mmoja ajiulize: ni nani ninayemtazama kila siku, na sijamuona bado?