Kanga na Malezi ya Vifaranga Vyake

Msomaji wetu wa Kiseke, Mwanza, aghalabu humjua kanga kwa mambo mawili: ndege wa madoadoa afugwaye uani pamoja na kuku, na lile vazi la akina mama lililopata jina lake pwani katika karne ya 19. Lakini kanga wa porini, akaaye vichakani na katika mbuga za Serengeti, ambazo upande wa magharibi zakaribia Ghuba ya Speke, ana tabia ambazo wachache wamezichungua.

Ni ndege mzito, apata kilo moja na zaidi, mwenye pembe ya mfupa utosini. Akitishwa hupenda kukimbia kuliko kuruka. Mchana hupekua ardhi akila mbegu, mchwa na panzi. Jua likichwa hupanda mtini pamoja na wenziwe.

Wakati wa kiangazi huishi kwa makundi. Mvua zianzapo hujitenga wawili wawili. Jike huparura kishimo majanini, akataga mayai 6 hadi 12, pengine zaidi, na kuyaatamia peke yake kwa siku 26 hadi 28 hivi. Muda huo hula kidogo mno hata akakonda. Basi vifaranga vikianguliwa, ni nani avitunzaye? Ni baba! Katika majuma mawili ya kwanza dume huvifunika kwa mbawa zake na kuvilinda, ili mama apate kula na kurudisha nguvu.

Tena dume na jike wamefanana mno. Awatambuaye hutumia sikio, kwani jike ana mlio wa vipande viwili ambao dume hana.

Nyama ya kanga ni halali, tena tamu, wala hatumlaumu mlaji. Lakini ategaye kitanzi wakati wa mvua hajui amemnasa nani. Akimtwaa baba, vifaranga huachiwa mama aliyedhoofika. Isitoshe, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 yakataza kuwinda bila kibali.

Atamaniye kitoweo hiki na atafute mayai kwa mfugaji mwenye kibali, ayaatamishe kwa kuku. Asiyachanganye na ya kuku, maana hayo huanguliwa kwa siku 21, na mama huweza kuondoka na vifaranga vyake, akayaacha ya kanga yapoe.