Gugu Limeng'olewa, Udongo Je?

Kila mwaka huwaonya wanafunzi wangu wa isimu kwamba tafsiri ni amana. Ole wangu! Siku niliyokabidhiwa amana ya kweli, niliifanyia hiana.

Mjomba wangu, mkulima wa mahindi viungani mwa Kitale, alikuwa amepasuliwa na kuondolewa uvimbe wa saratani katika ini. Nilitoka Bungoma kwenda kumsindikiza alipoitwa kusomewa majibu ya maabara. Daktari alieleza kwa Kiingereza kwamba uvimbe umetoka wote, ila alama zilizoonekana katika mazingira yake hazipendezi. Mjomba akanigeukia: "Wewe nawe ni daktari, mwanangu. Mwenzako amesemaje?"

"Amesema umetoka wote," nikajibu.

Nusu ya pili niliimeza, kwa huruma, na pia kwa kukosa maneno. Mjomba alirudi shambani akijihesabu mzima, na miadi miwili ya kliniki iliyofuata hakuitimiza.

Mazingira ya uvimbe ni nini basi? Uvimbe si rundo la seli za saratani pekee. Umo pamoja na seli za kinga, mishipa ya damu, nyuzi za kovu na kemikali ambazo seli hizo hupelekeana. Wataalamu hukichunguza kipande kilichokatwa. Wakikuta seli za kinga zenye uwezo wa kuua zimepenya kwa wingi ndani ya uvimbe, aghalabu mgonjwa huishi muda mrefu zaidi. Wakikuta zimejaa zile zinazowatuliza askari hao, au saratani imekwisha kuingia katika vijishipa vya damu, hofu ya ugonjwa kurejea huzidi. Nayo saratani ya ini hurejea mno: baada ya upasuaji, hadi wagonjwa 70 katika kila 100 huiona tena katika muda wa miaka 5. Isitoshe, ini lililobaki ni lile lile lililoumizwa kwa miaka na virusi vya homa ya ini, pombe, au aflatoksini, ile sumu ya kuvu wa mahindi. Laweza kuotesha uvimbe mpya kabisa. Alama hizi haziamui hatima ya mtu. Humwonyesha daktari nani wa kuchungwa kwa karibu zaidi.

Maneno niliyoyakosa nilikuja kuyapata katika historia ya tiba. Mwaka wa 1889, mpasuaji Mwingereza Stephen Paget alipitia kumbukumbu za wagonjwa 735 waliofariki kwa saratani ya matiti, akaona kwamba ugonjwa ulikuwa ukilivamia ini kupita kiasi, huku wengu ukisazwa. Akazifananisha seli za saratani na mbegu: hupeperushwa kila upande, ila huota palipo na udongo unaozikubali.

Mbegu na udongo! Kitale, yaliko makao makuu ya Kenya Seed, nani asiyeyajua hayo? Nilifunga safari tena, nikasema: "Mjomba, gugu limeng'olewa, lakini udongo ni ule ule."

Alinyamaza kitambo. "Kumbe palizi haijaisha. Mbona hukuniambia siku ile?"

Sikuwa na jibu. Alipokwenda kliniki, picha ilionyesha uvimbe mwingine mdogo. Ulikuwa bado wa kutibika, lakini ungeweza kuonekana mapema zaidi.

Wako watakaosema Kiswahili hakiiwezi sayansi. Sikubali. Neno saratani lenyewe tulilikopa kwa Waarabu, ambao kwao lina maana ya kaa, na leo hakuna anayeliona geni. Kilichopungua ni mazoezi. Walimu wenzangu, katika somo la ufasiri wapeni wanafunzi ripoti ya maabara, muwatake waieleze kwa namna ambayo mkulima ataelewa bila kufichwa lolote.

Na katika mazoezi hayo wakumbuke jambo hili: Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya homa ya ini aina ya B mwaka wa 2001. Wanafunzi wengi wamekingwa. Wengi wa walimu na wazazi wao hawakuchanjwa utotoni. Kipimo chake ni cha damu tu. Mjomba hakuwahi kupimwa hadi alipougua, kwa kuwa hapana aliyemwambia. Miongoni mwa hao nilikuwamo mimi.