Kinanda cha Santuri Hutaka Fundi Kabla ya Msikilizaji

Nyumba nyingi za Pwani yetu, tangu Likoni hadi Vanga, zina sanduku la santuri lililosukumwa uvunguni au kupandishwa darini. Hapa Waa nimeonyeshwa zaidi ya moja. Wenyewe hawazitupi wala hawazisikilizi, kwa kuwa kinanda chao kilikufa zamani. Siku hizi wamezuka vijana wenye hamu ya kuvifufua vinanda hivyo. Hamu hiyo naipongeza, lakini ina hatari yake, na hatari hiyo ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Kwanza tujue kilichomo sandukuni. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri kutoka Unguja hadi Bombay, sauti zao zikatiwa katika sahani za His Master's Voice. Tangu hapo kinanda kikawa mgeni wa heshima barazani. Baadaye, Mombasa kwenyewe, duka la Assanand and Sons lilitoa santuri zenye lebo ya Mzuri, na Mbwana Radio Service nayo ikatoa zake. Katika santuri za zama hizo wamo Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, na Zein l'Abdin, aliyefariki mwaka 2016. Wamo pia Matano Juma na Maulidi Juma. Baadhi ya nyimbo za Mombasa za miaka ya 1965 hadi 1975 zimekusanywa zikatolewa upya Ufaransa, lakini hizo ni chache mno. Wimbo ambao haukukusanywa utautafuta wapi ila katika sahani yenyewe?

Wako wazee waliokichukia kinanda wakisema ni lahawi tupu. Sina ugomvi nao, ila chombo ni chombo. Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri aliposoma msahafu mzima kwa tartili ukarekodiwa, mwaka 1961, watu waliupata katika sahani hizi hizi.

Sasa hatari yenyewe. Sahani za kale, zizungukazo mara 78 kwa dakika, zilifanywa kwa lakiri itokanayo na vidudu vya Bara Hindi, ikachanganywa na unga wa mawe. Unga huo huinoa na kuila sindano ya chuma, na ndiyo sababu sindano hubadilishwa kila upande mmoja ukiisha. Wanaoona huo ni ubadhirifu hawajui kwamba sindano iliyokwisha huanza kuichimba sahani. Santuri ndogo za 45 ni za plastiki, na mifereji yake ni myembamba sana. Kichwa cha kinanda cha kutia ufunguo huikandamiza sahani kwa uzito upitao gramu 100, hali mkono wa kinanda kizuri cha umeme hauzidi gramu chache. Weka santuri ya Juma Bhalo ya plastiki chini ya sindano ya chuma, nayo italimwa kama shamba. Utasikia wimbo siku hiyo. Kesho utasikia mkwaruzo.

Kinanda changu mwenyewe ni cha kutia ufunguo, cha kufunga kama sanduku la safari. Fundi wa kwanza niliyempelekea alikipaka rangi kikang'aa, asiguse ndani. Grisi ya kamani ilikuwa imeganda kama lami, na kila dakika kinanda kilishtuka kwa kishindo. Dawa yake ni kuifungua kamani, kuisafisha kwa mafuta ya taa na kuitia grisi mpya. Kazi hiyo asifanye asiyejua, maana kamani ikifyatuka hukata vidole. Vyuma vidogo vinavyozuia mwendo hutaka tone la mafuta ya cherehani. Kisha tia kipande cha karatasi chini ya sahani na uhesabu: mizunguko 26 kwa sekunde 20, hapo mwendo umekaa sawa.

Vinanda vya umeme na vya betri vina ugonjwa mwingine. Gurudumu la mpira hukauka likawa gumu, na ukanda huyeyuka. Vingi vya zamani vilikuwa na kichwa chenye fuwele ya chumvi, na fuwele hiyo haistahimili joto wala unyevu. Basi fikiri mwenyewe maisha yake huku kwetu, bahari ikipumua dirishani usiku na mchana! Kichwa hicho hakitengenezwi. Hutafutwa kingine cha aina ifaayo.

Sahani nazo zioshwe kabla ya kupigwa, kwa maji yasiyo chumvi na tone la sabuni, lebo isiloe. Spiriti msiikaribishe kwenye sahani za 78, kwani huyeyusha lakiri. Zisimamishwe wima, mbali na jua.

Baada ya hayo yote, keti usikilize. Upande mmoja wa 78 ni kama dakika tatu tu, ndipo unyanyuke uigeuze, na mimi naupenda uchache huo. Hukufanya usikilize shairi neno kwa neno. Simu iwe karibu inarekodi mara hiyo ya kwanza, sahani ingali safi na sindano mpya. Na amwite mzee wa mtaa, kwani si kila lebo iliyomtaja mtunzi. Waa, Tiwi na Ng'ombeni bado wako wanaokumbuka shairi gani lilikuwa la nani, na alikuwa akimjibu nani.